Kila mtu ninampa pole, isipokuwa nafsi yangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa wa Tanga. Nina umri wa miaka 41, nina mume na watoto watatu, na huu ni mwaka wa 12 nikifundisha Hisabati Darasa la Saba. Ninakuandikia jambo ambalo sijapata kumweleza mtu yeyote kwa ukamilifu wake, hata mume wangu, kwa sababu kila ninapoanza kulieleza najiona kama mtu anayetafuta watetezi.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, siku ya Alhamisi jioni, mama yangu alinipigia simu kutoka Muheza akaniambia kwamba kichwa kinamgonga, anasikia kizunguzungu, na dawa zake za shinikizo la damu zimekwisha tangu Jumapili. Wakati huo nilikuwa nimezungukwa na karatasi za mtihani wa majaribio ambazo zilitakiwa ziwe zimesahihishwa kufikia asubuhi. Nilimjibu, na maneno haya nayakumbuka yote, "Mama, vumilia kidogo, Jumamosi nitakuja na dawa." Ijumaa alfajiri jirani alimkuta ameanguka karibu na mlango wa uani, amepatwa na kiharusi. Mwenyezi Mungu alimjalia uhai, lakini mkono wake wa kulia haujarudi, na maneno humtoka kwa taabu. Sasa anaishi kwangu.

Tangu siku hiyo kuna sauti ndani yangu isiyonyamaza. Huniamsha saa tisa usiku na kuniuliza, "Mtoto gani wewe, unayethamini karatasi kuliko mzazi?" Wala haiishii kwenye habari ya mama. Chai ikinimwagikia, daftari la maandalio likisahaulika nyumbani, mwanangu wa mwisho akipata homa, sauti ileile huja na jibu lake tayari: "Ndivyo ulivyo. Mzembe." Mwenzangu shuleni akifiwa au akikwama, mimi ndiye wa kwanza kufika na kutoa pole, na watu husema nina moyo mwema. Wangeyasikia ninayojiambia mwenyewe, wasingenitambua.

Mama naye ana haya yake. Anaona aibu kula kwa mkono wa kushoto, na wageni wakiwepo husema ameshiba hata kama hajagusa kitu. Kila jioni huketi naye mkekani nikamwambia, "Mama, usione haya, dini haimkalifishi mtu asichokiweza, mkono uliobaki ndio mkono." Hucheka kidogo, kisha anakula. Hiyo ndiyo saa pekee ninayopata amani, na hata hiyo haidumu, maana tonge likimponyoka tu namkumbuka aliyesababisha mkono ule ulale.

Mwezi wa Machi tulihudhuria semina ya walimu, na mwezeshaji mmoja akatufundisha alichokiita uzingativu, yaani kuketi kimya, kufumba macho na kuifuata pumzi bila kuhukumu chochote kinachokuja akilini. Alituagiza tufanye dakika ishirini kila siku, akatuonyesha na programu ya simu inayohesabu siku ambazo mtu hajakosa. Nilianza kwa bidii. Siku ya tisa mama aliumwa usiku kucha, nikapitiwa na usingizi bila kufanya zoezi, na asubuhi programu ilikuwa imenirudisha sifuri. Na hata kabla ya hapo, dakika zenyewe zilikuwa mateso: nikifumba macho nauona mlango wa uani, na sauti hupata uwanja mpana kuliko mchana. Siku moja moyo ulinienda mbio, nikatokwa na jasho hadi nikainuka. Nikajiambia kwamba hata kukaa kimya kumenishinda.

Mama, je, mtu kama mimi anastahili kujionea huruma? Nikiacha kujikaripia, sitazidi kuwa mzembe? Na shoga yangu amenionya kwamba mazoezi hayo ni ibada ya Kibudha, nami ni Mwislamu. Nifanyeje?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Na pole.

Neno hilo nimeliweka mbele kwa makusudi, na nakuomba tukae nalo kidogo kabla hatujafika kwenye pumzi na mambo ya semina. Sisi humpa pole aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyebeba mzigo mzito, na hata anayetoka kazini jioni bila jambo lolote baya kumpata isipokuwa uchovu. Hatuulizi kwanza kosa ni la nani. Aliyejikwaa kwa sababu alikuwa akitazama simu yake hupewa pole ileile anayopewa aliyesukumwa. Anayesema pole hajatoa hukumu wala hajasamehe deni; amesema tu kwamba ameona kuwa mwenzake ameumia. Kama tungekuwa tunangoja uchunguzi ukamilike ndipo tutoe pole, kina mama wa mtaani kwako wasingetoka majumbani mwao hata siku moja.

Kwa sababu hiyo sitakuandikia kwamba si kosa lako, ingawa najua wapo wasomaji ambao wangependa nianzie hapo. Siwezi kulisema kwa sababu silijui, na wewe pia hulijui. Yawezekana dawa zingefika Alhamisi usiku zikaleta tofauti. Yawezekana pia zisingeleta, kwa sababu shinikizo la damu huichakaza mishipa kwa miaka mingi, na vidonge vya usiku mmoja haviijengi upya. Hata kama ungelala palepale chumbani kwake, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka picha ya ubongo ionyeshe kama mshipa umeziba au umepasuka. Sasa piga hesabu mwenyewe ya usiku wa manane, usafiri na hospitali yenye kipimo hicho. Ninakueleza haya kwa kuwa ni kweli, lakini sitegemei yakutibu. Sauti ya saa tisa usiku itapata hoja nyingine kabla hujamaliza kusoma aya hii. Mwalimu, kwa mwaka mzima umekuwa ukiisahihisha karatasi moja kwa kalamu nyekundu, na karatasi yenyewe majibu yake hayako kwa mtu yeyote.

Ninachokuomba, kwa hiyo, ni kidogo kuliko kujisamehe. Nataka ujifunze kujipa pole wakati kesi bado iko wazi.

Sasa tuitazame semina yako. Mafunzo ya uzingativu yanayosambazwa leo mashuleni na makazini yalipata sura yake mwaka 1979 katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako Jon Kabat-Zinn alifungua kliniki ndani ya chuo kikuu cha tiba kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo madaktari walikuwa wamefikia mwisho wa uwezo wao kuyaondoa. Wagonjwa hao walifundishwa kuyatambua maumivu jinsi yalivyo, dakika kwa dakika, bila kuongeza juu yake hofu ya kesho na majuto ya jana. Mafunzo yalichukua wiki kadhaa, pakiwa na mwalimu na kundi la watu wanaokutana na kusimuliana yanayowapata. Ninyi mlipewa asubuhi moja na programu ya simu. Na yale maneno mawili, "bila kuhukumu", ambayo mwezeshaji aliyapita kama mtu anayetaja bei ya sukari, ndiyo yenye kazi yote ndani yake, hasa kwa mtu anayehukumiwa na nafsi yake tangu alfajiri.

Pengo hilo limeshaonekana na wengine. Mwaka 2003 Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha maelezo ya kile ambacho mimi nakiita upole kwa nafsi, akasema kina nguzo tatu: kuyatambua maumivu bila kuyakuza wala kuyakana, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni hali ya wanadamu wote, na kusema na nafsi kwa ulimi mlaini. Miaka kadhaa baadaye yeye na mwenzake Christopher Germer walitunga mafunzo ya wiki nane yanayounganisha uzingativu na upole huo, na jaribio walilolichapisha mwaka 2013 lilionyesha kwamba waliopitia mafunzo hayo walipungukiwa na wasiwasi na huzuni kuliko waliokuwa bado wakisubiri zamu yao. Nilipozisoma nguzo hizo mara ya kwanza nilitabasamu peke yangu, kwa sababu anayesema pole ameshafanya yote matatu kwa neno la herufi nne. Ameliona jambo, amejihesabu kuwa mwenzako, na amelegeza sauti. Hata upole wenyewe na pole yenyewe ni mtu na ndugu yake.

Nimekwepa kuita jambo hili kujihurumia, ingawa wewe umeuliza habari ya kujionea huruma. Kwetu anayejihurumia ni yule anayekaa kibarazani akihesabu mabaya yaliyompata, akiamini kwamba duniani hakuna aliyeonewa kama yeye. Hilo humtenga mtu na wenzake. Pole haitengi. Wala anayestahili na asiyestahili hawatofautishwi mlangoni kwake, kwa hiyo swali lako la kwanza nalirudisha bila kulijibu, kama unavyoirudisha hesabu ambayo swali lake limeandikwa vibaya.

Nije sasa kwenye zile dakika ishirini zilizokutesa, kwa kuwa hapa ndipo nadhani umejidhulumu kuliko kwingine. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Wakati umekufa ganzi hauumi. Huuma unapounyoosha na damu inaporudi, na aliye mgeni na jambo hilo angedhani kunyoosha ndiko kulikouharibu. Mchana kutwa una vipindi, madaftari, jikoni, na mama wa kugeuzwa kitandani, na shughuli hizo zimekushikia maumivu yako mbali kwa mwaka mzima. Ukamwambia mtu wa namna hiyo afumbe macho na anyamaze dakika ishirini, kila alichokikalia kitarudi kwa pamoja. Haya hayakukukuta wewe peke yako: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walichapisha mahojiano na watu wanaofanya tafakuri pamoja na walimu wao, na miongoni mwa mambo magumu waliyoyasikia ni hofu, wasiwasi na kurudiwa na kumbukumbu zenye kuumiza. Moyo kwenda mbio na jasho kukutoka vilikuwa taarifa kwamba kipimo ulichopewa kilikuwa kikubwa mno. Uliinuka. Ulifanya vizuri kuinuka.

Kwa hiyo acha dakika ishirini. Na ile programu ifute leo hii. Sijui aliyebuni kumrudisha mtu sifuri kwa sababu amelala baada ya kuuguza usiku kucha alikuwa amepata kumwuguza nani.

Anzia mahali ambapo umeniambia mwenyewe kuna amani, yaani mkekani pamoja na mama. Kabla hujamtengea chakula, na jambo hili lisizidi dakika tatu, keti macho yakiwa wazi. Zisikie nyayo zako mahali zilipogusa, ubaridi wa sakafu au ukwaruzo wa mkeka, na uzito wa mwili ulipotua. Vuta pumzi kama kawaida, kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Hakuna siri katika hilo: mapigo ya moyo hupungua kasi kila tunapotoa pumzi, na kurefusha kutoa pumzi ni kuuongezea mwili nafasi ya kutulia. Pumzi ikikuletea wasiwasi, iache, na badala yake sikiliza sauti za nje, watoto wa jirani, mvumo wa bodaboda, adhana ikiwa ndiyo saa yake. Uzingativu hauhitaji pumzi. Unahitaji kitu kimoja cha sasa ambacho akili inaweza kukishika.

Tonge litaponyoka, kama ulivyonieleza, na sauti itakuja. Hapo usibishane nayo, na usijilazimishe kuifukuza, kwa maana vyote viwili huipa kiti. Itaje tu kimoyomoyo kama unavyoita mahudhurio: "Kujikaripia kumekuja." Halafu tafuta ni wapi mwilini imetua. Wengi huikuta kooni au kifuani, na wengine huikuta tumboni. Weka kiganja hapo, kwa kuwa mwili huuelewa mguso kabla haujaelewa maneno, na mama akiuliza mwambie unajikuna. Kisha jiambie pole, na uitumie sauti ileile iliyomwambia mama kwamba mkono uliobaki ndio mkono. Barua yako yote nimeisoma mara tatu, mwanangu, na hiyo ndiyo sentensi iliyonishika. Ungeweza kumwambia kwamba angekunywa dawa zake mapema asingefika hapo. Haikukujia hata kidogo. Ulimwona mtu mwenye haya, ukaketi naye chini, ukamrahisishia. Hakuna mwezeshaji atakayekufundisha sauti nyingine bora kuliko hiyo, na kwa kuwa unayo tayari, kazi iliyobaki ni kuigeuza upande.

Mara za kwanza itasikika kama uongo. Ikikwama kabisa, usiseme pole. Sema "hili ni gumu", ambalo ni kweli tupu na halihitaji imani. Wengine husaidiwa na kujiita kwa jina la utotoni, lile ambalo nyumbani tu ndiko wanakolijua, kwa sababu ni vigumu kumkaripia mtu kwa jina hilo. Mimi mwenyewe nilipoanza mazoezi haya, nikiwa nimeshapita miaka hamsini, nilisinzia karibu kila siku kwa mwezi mzima, na mwalimu wangu aliniambia kwamba pengine kusinzia ndiko kulikuwa upole wenyewe kwa mwanamke aliyechoka vile.

Saa tisa usiku ni habari nyingine. Usilale chali ukiisikiliza sauti ikisoma mashtaka. Keti ukingoni mwa kitanda, weka miguu chini, pumua kama nilivyoeleza, jipe pole mara moja, kisha ukiona usingizi haurudi inuka ufanye jambo dogo lisilo na mwanga mkali wala simu. Ukiweza kuamua kwamba hakuna kesi inayosikilizwa kabla ya alfajiri, utakuwa umeokoa mengi.

Umeogopa kwamba ukiacha kujikaripia utakuwa mzembe zaidi. Hofu hii naiheshimu, kwa kuwa ni ya mtu anayejali. Lakini wewe una miaka 12 darasani, na unajua yanayompata mtoto anayefokewa mbele ya wenzake kwa kukosa hesabu za sehemu. Haendi kuzifanyia mazoezi. Huficha daftari, na kipindi kinachofuata husema anaumwa tumbo. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walichapisha majaribio, na katika mojawapo wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa maneno wakaufanya vibaya. Wale walioelekezwa kujitazama kwa huruma baada ya kushindwa ndio waliotumia muda mrefu zaidi kujisomea kabla ya mtihani wa pili, kuliko hata wale waliosifiwa ili wajione wenye akili. Nafsi isiyopigwa hupata nguvu ya kuliangalia kosa lake usoni. Kama kuna sehemu yako iliyokosea Alhamisi ile, utaiona vizuri zaidi ukiwa umetulia, na utajua cha kufanya: dawa za mama zinunuliwe kabla hazijafika mwisho, jirani na watoto wazijue dalili za kiharusi, yaani uso kwenda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika, na wajue kwamba zikionekana hakungojwi Jumamosi. Majuto yenye kazi ya kufanya hayana haja ya kuamsha mtu saa tisa usiku.

Kuhusu dini, shoga yako hakudanganya. Asili ya mazoezi haya imo katika mafundisho ya Kibudha, na Kabat-Zinn mwenyewe alijifunzia huko kabla hajayatoa nje ya ibada na kuyapeleka hospitalini. Kuzisikia nyayo zako sakafuni, hata hivyo, hakumilikiwi na dini yoyote, na sijakuelekeza kutamka wala kusujudia chochote. Mimi si mwanazuoni, na ikiwa moyo haujatulia muulize shekhe unayemwamini. Ila nina neno moja la pembeni. Mapokeo yako yanajua kuichunga nafsi na kuifanyia hesabu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika juu ya muhasaba kwa mfano wa mfanyabiashara anayefanya hesabu na mshirika wake. Hakuwa mpole sana katika hilo, sitakuficha, kwa kuwa aliruhusu hata kuikemea nafsi. Lakini mfanyabiashara hukaa na hesabu zake kwa wakati wake, akaona faida na hasara, akafunga daftari, akarudi dukani. Hesabu yako imekuwa wazi tangu Julai, na humo umeandika upande wa hasara peke yake. Mama kuishi kwako, kuoshwa, kulishwa na kuchekeshwa mkekani umeviandika wapi?

Bado kuna mambo mawili ambayo mazoezi hayawezi kukufanyia. Kwanza, mweleze mumeo. Mwambie mapema kwamba humtaki akutetee wala akupe ushauri, unataka asikie habari yote hadi mwisho. Sisi tukisema mtu "ana mawazo" tunamaanisha ana huzuni, na Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Huko Zimbabwe tangu mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha kina bibi kuketi na wenye kufungisisa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi lako linaweza kuwa mumeo, au dada, au bibi mmoja mwenye masikio mtaani kwako.

La pili nalisema bila kuzunguka. Mwaka mzima wa kuamka usiku na kujishtaki ni mrefu. Ukiona hamu ya chakula imekwisha, kazi unaifanya kama mtu aliye ndotoni, au ukijiwa na wazo kwamba ni heri usingekuwepo, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili, na wazo hilo la mwisho likija nenda siku hiyohiyo ukiwa na mtu. Wapo wanaodhani kwamba kuuliza tu ni kupandishwa gari la kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Sivyo. Wengi huzungumza, hupewa tarehe ya kurudi, na wakati mwingine dawa, kama mama anavyopewa za shinikizo la damu.

Kama siku moja utataka kumweleza mama maneno uliyomjibu Alhamisi ile, mweleze, lakini si wiki hii, na usiende kwake ukiwa unatafuta hukumu. Pengine hakumbuki. Pengine anakumbuka, na naye ana lake analojilaumu kuhusu dawa zilizokwisha Jumapili bila yeye kusema hadi Alhamisi. Mkifika hapo utakuwa na la kumpa.

Zile dakika tatu usiziandike popote wala usizihesabu siku. Niandikie mtihani wa Septemba ukishapita, hata kama habari yenyewe itakuwa kwamba ulijaribu mara mbili ukaacha. Msalimie sana mama.